Kendall Green: Chuo cha Viziwi na Kiti Kilichochelewa Miaka 124

Marekani ilikuwa bado inapigana yenyewe kwa yenyewe pale Abraham Lincoln alipotia saini, tarehe 8 Aprili 1864, sheria iliyoiruhusu shule moja ndogo ya watoto viziwi, kaskazini-mashariki mwa Washington, kutoa shahada. Hapakuwa na chuo cha namna hiyo popote duniani. Kijana kiziwi aliyemaliza shule siku zile aliingia kwenye ushonaji wa viatu, uchapaji au kilimo. Aliyejaliwa zaidi alirudi kufundisha katika shule ileile iliyomlea. Kwamba angeweza kusoma Kilatini, hisabati ya juu na falsafa, kisha akavaa joho, ni wazo lililowashangaza hata baadhi ya waliompenda.

Chuo hicho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Gallaudet, na kila Aprili huikumbuka siku hiyo. Historia yake imezoeleka kusimuliwa kama habari ya mlango uliofunguliwa. Sina ugomvi na simulizi hilo, ila ukilifuata kwa karibu unakuta mlango ulifunguliwa mara nyingi, kila mara kwa ajili ya watu walioachwa nje safari iliyotangulia. Tena aliyeshika komeo hakuwahi kuwa kiziwi mpaka mwaka 1988.

Eneo la chuo linaitwa Kendall Green, kwa jina la Amos Kendall, aliyewahi kuwa Mkuu wa Posta wa Marekani na baadaye akatajirika kwa kusimamia biashara ya telegrafu ya Samuel Morse. Mwaka 1856 alifika mjini mtu mmoja akiwa na watoto viziwi watano, akichangisha fedha za kuwafungulia shule. Kendall alimsaidia, kisha ikaonekana watoto wenyewe hawatunzwi, na mahakama ikamkabidhi Kendall ulezi wao. Akatoa nyumba na ekari 2 za shamba lake. Mwaka uliofuata Bunge likaisajili shule hiyo kwa ajili ya watoto viziwi na wasioona wa mji mkuu. Wasioona walihamishiwa Maryland mwaka 1865, na shule ikabaki ya viziwi peke yao.

Msimamizi aliyeajiriwa, Edward Miner Gallaudet, alikuwa na miaka 20. Umri huo ungemtia shaka mdhamini yeyote, lakini kijana alikuja na mama yake. Sophia Fowler Gallaudet alizaliwa kiziwi mwaka 1798 na hakukanyaga darasa mpaka alipofikisha miaka 19, ilipofunguliwa shule ya kwanza ya kudumu ya viziwi nchini humo, mjini Hartford, Connecticut. Aliolewa na mwalimu wake, akamzalia watoto wanane, wote wanaosikia, na Edward akiwa kitinda mimba. Sasa, akiwa mjane, aliajiriwa kuwa mlezi wa wanafunzi Kendall Green. Wabunge waliotaka kujua kama fedha za umma zitumike kwa ajili ya viziwi walikaribishwa nyumbani kwake, wakazungumza naye mwanawe akitafsiri. Naamini mazungumzo hayo yalifanya kazi kubwa kuliko ripoti zote zilizoandikwa wakati ule, ingawa jina lililopewa chuo ni la mumewe.

Huyo mume, Thomas Hopkins Gallaudet, naye alisaidiwa na kiziwi. Mwaka 1815 alivuka bahari kwenda Uingereza kujifunza namna ya kuwafundisha viziwi. Ukoo wa Braidwood, uliozishikilia shule za huko, haukuwa tayari kutoa siri yake ila kwa masharti yake. Akiwa London alikutana na padri Sicard wa shule ya viziwi ya Paris, aliyekuwa huko na wanafunzi wake wawili waliokwisha kuwa walimu, Jean Massieu na Laurent Clerc. Akawafuata Paris, na mwaka 1816 akarudi Marekani pamoja na Clerc. Safari ya meli ilichukua siku 52: Clerc akimfundisha alama, yeye akimfundisha Clerc Kiingereza. Shule ya Hartford ilifunguliwa mwaka 1817, na lugha ya alama iliyokulia pale, kutokana na alama za Paris na zile walizokuja nazo watoto wenyewe, ndiyo aliyoinyonya Edward kwa mama yake.

Ndiyo maana chuo alichokianzisha kilifundisha kwa alama tangu siku ya kwanza. Mhadhiri alisimama mbele ya darasa na kuongea kwa mikono, na mwanafunzi hakuhitaji kubahatisha midomo wala kusubiri mtu wa kumnong'onezea. Mambo mengine mawili yalikifanya kiweze kufikiwa na watoto wa maskini. La kwanza ni fedha za Bunge, ambalo muda si mrefu lilianza kutenga nafasi za bure kwa vijana kutoka majimbo. La pili ni mwaka wa matayarisho, kwa kuwa wengi walitoka katika shule zisizowafikisha kwenye kiwango cha chuo. Melville Ballard alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Stashahada za wahitimu wa mwaka 1869 zilitiwa saini na Rais Ulysses S. Grant, na desturi hiyo haijakatika: Rais wa Marekani aliye madarakani ndiye mlezi wa chuo, na saini yake ipo kwenye kila shahada. Mwaka 1894 jina la zamani, Chuo cha Taifa cha Viziwi-Bubu, liliachwa, kikaitwa Gallaudet.

Katikati ya mafanikio hayo ukaja mkutano wa Milan. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa, wengi wao Waitaliano na Wafaransa, walikutana mjini humo wakapiga kura kwamba kiziwi afundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, alama zikae kando. Wajumbe walikuwa 164. Aliyekuwa kiziwi ni mmoja tu, James Denison, mkuu wa shule ya watoto iliyokuwa Kendall Green. Yeye na Edward Gallaudet walikuwa katika kundi dogo lililopinga. Kura ikapita, na kwa karibu karne nzima shule za Ulaya, na nyingi za Marekani, ziliwafunga watoto mikono. Mpinzani mkubwa wa Gallaudet nyumbani alikuwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye mama yake na mkewe wote walikuwa viziwi. Mabwana hao wawili waligombana kwa miaka mingi, hadi mbele ya kamati za Bunge.

Chuo kikabaki mahali pa hifadhi kwa lugha iliyofukuzwa kwingine, ingawa hata Edward Gallaudet alikuwa na mpaka wake. Alipoanzisha mafunzo ya ualimu mwaka 1891, waliopokelewa walikuwa wanaosikia. Huenda alikuwa anamkwepa Bell, ambaye hakutaka kusikia habari ya viziwi kufundisha viziwi. Lakini ukweli ni kwamba ndani ya chuo cha viziwi kozi ya kuwafundisha viziwi ilikuwa ya watu wengine.

Wanawake walianza kupokelewa kwa utaratibu wa kudumu mwaka 1887, tena kwa majaribio. Hapakuwa na bweni lao, wakawekwa katika nyumba ya rais wa chuo. Vyama vya mijadala vilikuwa vya wavulana, na msichana hakuruhusiwa kuhudhuria bila msimamizi. Agatha Tiegel, aliyeingia akiwa na umri wa miaka 15, alishirikiana na wenzake kuunda chama chao wenyewe mwaka 1892, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu masomo ya miaka minne hapo. Hotuba yake ya mahafali ilihusu akili ya mwanamke, na aliitetea bila kuomba radhi. (Miaka hiyohiyo, inasemekana, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani Paul Hubbard aliwakusanya wenzake kwenye duara ili timu pinzani ya viziwi isione alama zao. Leo kukusanyika hivyo kabla ya kucheza ni jambo la kawaida katika mchezo huo.)

Percival Hall aliongoza kuanzia 1910 hadi 1945. Miaka 35 hiyo ilipita kwa utulivu mkubwa, labda mno. Kilichokuja kukitikisa chuo kitaaluma kilianza mwaka 1955, alipoajiriwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, William Stokoe, ambaye hakujua alama hata moja. Wakati huo hata viziwi wenyewe walizichukulia alama zao kuwa Kiingereza kilichovunjika. Stokoe alizitazama kwa jicho la mtu anayejifunza lugha ngeni, akaona zina vipande vinavyopangwa kwa kanuni: umbo la kiganja, mahali kinapokaa, namna kinavyosogea. Mwaka 1960 alichapisha maelezo yake, na mwaka 1965 ikatoka kamusi aliyoiandika na wenzake wawili viziwi, Dorothy Casterline na Carl Croneberg. Wafanyakazi wenzake wengi walimcheka. Lakini hoja ilikwisha simama kwamba hii ni lugha kamili, na kizazi cha wanafunzi kilichofuata kilikua kikilijua hilo.

Mazingira ya nje nayo yalibadilika. Chuo cha ufundi cha taifa kwa ajili ya viziwi kilifunguliwa Rochester, New York, mwaka 1968. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 kilizikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuwabagua watu wenye ulemavu, na kanuni zake zilipotiwa saini mwaka 1977, baada ya watu wenye ulemavu kukalia ofisi za serikali kwa wiki kadhaa huko San Francisco, vyuo vikuu vya kawaida vililazimika kutoa wakalimani na waandika noti. Gallaudet hakikuwa tena njia pekee. Mwaka 1986 kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, kikiwa na marais sita katika kumbukumbu zake. Wote sita walikuwa wanaosikia.

Rais wa sita, Jerry Lee, alijiuzulu mwaka 1987. Kufikia mwisho wa Februari 1988 walikuwa wamebaki wagombea watatu: Harvey Corson, mkuu wa shule ya viziwi ya Louisiana, I. King Jordan, mkuu wa kitivo hapohapo chuoni, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 21 kwa ajali ya pikipiki, na Elisabeth Zinser, mmoja wa viongozi wa chuo kikuu cha North Carolina mjini Greensboro. Wawili wa kwanza ni viziwi. Zinser alikuwa anasikia na hakujua lugha ya alama. Tarehe 1 Machi umati mkubwa ulikusanyika uwanjani kudai rais kiziwi. Jumapili ya tarehe 6, baraza la wadhamini likamtangaza Zinser, kwa karatasi iliyogawiwa langoni.

Watu waliondoka hapohapo kwa miguu hadi hoteli ya Mayflower, baraza lilikokuwa linakutana. Mwenyekiti, Jane Bassett Spilman, alikaa barazani kwa miaka bila kujifunza alama. Usiku ule alinukuliwa akisema kwamba viziwi hawajawa tayari kuendesha mambo katika dunia ya wanaosikia. Yeye alisisitiza kuwa alieleweka vibaya, kwamba maneno yalipotoka yalipopita kwa mkalimani. Yawezekana. Ila mwenyekiti wa chuo cha viziwi anayehitaji mkalimani ili azungumze na wanafunzi wake alikuwa amekwisha jibu swali kabla hajaulizwa.

Asubuhi ya Jumatatu malango yalikuwa yamezibwa kwa magari, na matairi yake yametolewa upepo. Madai yalikuwa manne: Zinser aondoke na achaguliwe rais kiziwi, Spilman ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya baraza, ambalo wakati huo walikuwamo wanne tu, na asiadhibiwe mtu. Mchana Spilman alikuja kuzungumza na jumuiya katika ukumbi wa michezo. Kabla hajaanza, mhadhiri Harvey Goodstein alipanda jukwaani akawaeleza watu kwa alama kwamba madai yote yamekataliwa, na akawaambia watoke. Kengele za moto zikaanza kulia. Spilman akalalamika kuwa kelele hizo hazimruhusu kuongea, akajibiwa kutoka ukumbini kwamba angejua alama zisingemsumbua.

Wiki hiyo iliongozwa na vijana wanne: Greg Hlibok, rais wa serikali ya wanafunzi, pamoja na Tim Rarus, Jerry Covell na Bridgetta Bourne. Nyuma yao kulikuwa na walimu, wahitimu na wanasheria, na wakalimani waliofanya kazi usiku na mchana ili waandishi wa habari waelewe kinachosemwa. Jumatano Hlibok alionekana katika runinga ya taifa akibishana na Zinser, na mwigizaji kiziwi Marlee Matlin akiwa pamoja nao. Siku hiyo Jordan alikuwa bado upande wa uteuzi, alioukubali hadharani kwa utii wa kazi. Alhamisi alisimama mbele ya umati akaikana kauli yake. Usiku huo Zinser akajiuzulu. Ijumaa watu wapatao 2,500 waliandamana hadi jengo la Bunge, na Jumapili, tarehe 13 Machi, Spilman akajiuzulu, Phil Bravin, kiziwi, akashika uenyekiti, na Jordan akawa rais wa nane wa Gallaudet.

Madai yote manne yalitimizwa ndani ya siku nane. Ni nadra mgomo wa wanafunzi kumalizika hivyo, na sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba hawakuomba chakula bora wala ada nafuu. Waliuliza nani anaamua, na swali hilo halina jibu la nusu. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Julai 1990, Rais George H. W. Bush alitia saini sheria ya Wamarekani wenye ulemavu, na Jordan alikuwa miongoni mwa waliokwenda Bungeni kuitetea. Katikati ya miaka hiyo, Julai 1989, chuo kiliandaa tamasha kubwa la viziwi lililowakusanya maelfu ya watu kutoka nchi nyingi za dunia, Afrika ikiwamo.

Isidhaniwe kwamba rais kiziwi alimaliza ubishi. Mwaka 2006 Jordan alipostaafu, baraza lilimteua Jane Fernandes, mwanamke kiziwi aliyekulia katika matamshi na kujifunza alama ukubwani. Wanafunzi wakafunga tena malango, zaidi ya mia moja wakakamatwa mwezi Oktoba, na uteuzi ukafutwa. Mwaka uliofuata wakaguzi wa ithibati wakakiweka chuo chini ya uangalizi. Yaliyotokea 1988 yalikuwa safi. Haya yalikuwa machungu, ndugu kwa ndugu. Roberta Cordano, aliyeanza kazi mwaka 2016, ndiye mwanamke kiziwi wa kwanza kukikalia kiti hicho kwa kudumu.

Kilichobadilika kimya kimya ni majengo. Tangu mwaka 2005, chini ya msanifu Hansel Bauman, chuo kimejenga kwa kufuata macho ya wenyeji wake. Korido ni pana ili wawili watembee wakiongea bila kugonga ukuta. Kona zimelainishwa au zina vioo, ili aonekane anayekuja. Kuta zina rangi ya buluu au kijani inayoonyesha mikono ya rangi zote, na mwanga haupigi machoni. Ndani ya jengo la namna hiyo anayesikia ndiye anayegundua kwamba nyumba zote alizowahi kuingia zilijengwa kwa ajili yake.

Kwenye maandamano ya Ijumaa ile ya 1988 mbele lilitangulia bango lenye maneno ya kuikumbusha ndoto ya Martin Luther King. Liliazimwa: waliolibeba kwanza ni waliodai siku ya kuzaliwa kwa King iwe sikukuu ya taifa. Wengi husimulia habari hiyo kwa fahari, na ni wachache wanaoendelea kuuliza watoto viziwi Weusi wa Washington walikuwa wapi King alipokuwa mwanafunzi. Kuanzia mwaka 1905 hawakuwa Kendall Green. Shule ya watoto iliyokuwa ndani ya uwanja wa chuo iliwafungia mlango, wakawa wanapelekwa Maryland. Louise Miller, mama wa watoto viziwi aliyeishi mjini humohumo, aliishtaki bodi ya elimu mwaka 1952 na akashinda. Jibu la wakubwa likawa kujenga shule ya pili, ya Weusi, palepale uwanjani, ikiwa na vifaa duni. Ilifungwa baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 iliyokomesha shule za ubaguzi. Stashahada za watoto hao hazikutolewa kwa miaka karibu 70. Julai 2023 chuo kilifanya mahafali kwa ajili ya wanafunzi 24 na kuwaenzi walimu wanne Weusi waliowafundisha. Waliokuwa hai walipanda jukwaani wenyewe. Wengine walipokelewa stashahada zao na watoto na wajukuu wao.

Mwaka huohuo wa 1954 alihitimu Andrew Foster, anayehesabiwa kuwa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza Gallaudet. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, homa ya uti wa mgongo ikamwondolea usikivu akiwa na miaka 11, na elimu aliyopewa katika shule ya viziwi Weusi ya jimbo lake ilikuwa ndogo. Alimaliza sekondari kwa masomo ya posta, huku chuo kikiwa kimekwisha kumkatalia, kabla ya kupokelewa mwaka 1951. Akamaliza kwa miaka mitatu.

Mwaka 1957 alikuwa Accra, akifundisha watoto viziwi katika madarasa ya kuazima, baada ya wanafunzi wengine kwenda nyumbani. Baadaye akahamia Ibadan, ambako pia aliwafunza walimu. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha shule 31 katika nchi 13, Kongo na Burundi zikiwamo. Alifundisha kwa alama za Kimarekani, na wanaisimu wa leo humlaumu kwa hilo, kwa kuwa alama za wenyeji zilisukumwa pembeni. Viziwi wa Accra na wa Kinshasa hadi sasa wanazungumza lugha zilizoota kwenye mbegu aliyoileta. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini aliwafikia watoto ambao serikali nyingi zilikuwa hazijawahi kuwahesabu.

Gallaudet kilimpa shahada ya heshima mwaka 1970. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo ilipoanguka Rwanda akiwa njiani kwenda Kenya, miezi mitatu kabla ya malango ya Kendall Green kufungwa na wanafunzi. Ukumbi mmoja wa chuo ulipewa jina lake mwaka 2004. Wakati huo vijana kutoka shule zake za Afrika Magharibi walikuwa wamekwisha kwenda Kendall Green, wakasoma, na baadhi yao wakarudi Ghana na Nigeria kufundisha viziwi wenzao.